Kura ya Ohio Iliyokatwa kwa Mkasi

Katika jengo moja la ghorofa kumi na nne huko Mount Dennis, magharibi mwa Toronto, anaishi mpiga kura mmoja wa Marekani. Anaitwa Donatienne, ana miaka hamsini na mbili, na anakaa ghorofa ya tisa na mume wake, Déo. Déo hana kura ya Marekani. Hata hivyo, kuanzia Septemba hadi Novemba mwaka 2024 aliizungumzia kura ya mkewe kama mtu anayezungumzia shamba la ukoo.

Njia iliyomfikisha Donatienne hapo ni ndefu. Alizaliwa Ruyigi, Burundi. Kiswahili alijifunzia kambini Kigoma, alikokaa ukimbizini miaka mingi. Kutoka huko alipelekwa Dayton, Ohio, ambako alifua mashuka ya hoteli, akamlea binti yake Carmel, na mwaka 2019 akaapishwa kuwa raia. Uchaguzi wa 2020 ulimkuta kitandani na korona. Mwaka uliofuata alihudhuria harusi ya binamu yake Toronto, akaketishwa karibu na Déo, Mkongo wa Uvira, baba wa Yvan, aliyefiwa na mke na anayetengeneza viti vya magari kiwandani Etobicoke. Baada ya miezi kumi wakaoana. Alihamia Canada na uraia wake wa Marekani, na kura yake pia, kwa sababu Mmarekani anayeishi nje hupiga kura kwa posta katika jimbo alilokaa mwisho.

Bahasha kutoka Ohio iliingia kwenye sanduku la barua mwishoni mwa Septemba. Bahati mbaya, aliyefungua sanduku siku hiyo alikuwa Déo, na kesho yake ilikuwa Jumapili.

"Mke wangu ameletewa kura," alitangaza kwenye ukumbi wa kanisa baada ya ibada, kabla hata chai haijamiminwa.

Watu waligeuka wote pamoja. Kanisa hilo lina waumini mia moja na arobaini, Wakongo na Warundi kwa wingi, na Wakenya wachache. Kwa mwaka mzima walikuwa wamebishana kuhusu uchaguzi wa Marekani bila njia yoyote ya kuufikia. Sasa njia ilikuwa imesimama mbele yao, imeshika sahani ya maandazi.

Wa kwanza kufika alikuwa Kiprop, Mkenya anayeandika programu za kompyuta na kuongoza kikundi cha vijana.

"Mama Carmel, wewe ni mtu wa maombi," alisema. "Angalia suala la mimba. Angalia familia. Hapo huwezi kukosea."

"Wacha kumsumbua mama ya watu," alisema Wamaitha, muuguzi anayeishi ghorofa ya sita ya jengo lile lile. "Mimi nimefanya wodi ya wazazi miaka kumi na moja. Kuna mambo hayaamuliwi na mwanasiasa. Mama Carmel, ukumbuke wanawake. Halafu ukumbuke wakimbizi, maanake wewe mwenyewe uliingia kwa mlango upi?"

"Na bei ya mayai nani ataikumbuka?" aliuliza Kiprop.

"Kiprop, mayai unakula hapa Toronto!"

Déo aliweka kikombe chini. "Bon. Mnisikilize. Viti tunavyotengeneza vinavuka mpaka vyote. Mmoja wa hao wagombea anataka kuweka ushuru kwa kila kitu kinachovuka. Akiweka, mimi ninarudi nyumbani kukaa. Mama Carmel, vraiment, utapigia kura mtu wa kunifukuza kazi?"

Donatienne alimeza andazi, akafuta vidole. "Nimewasikia wote," alisema, akaenda kuosha sahani.

Kazini mambo hayakuwa tofauti. Donatienne huwahudumia wazee majumbani mwao kule Don Mills, na mzee wake wa asubuhi ni Jalaludin, mwenye umri wa miaka themanini na tisa, aliyezaliwa Mwanza na kuuza vitambaa huko mpaka alipohamia Canada. Humwita "binti" na huzungumza naye Kiswahili tu, kwa sababu wanawe hawakijui tena. Jumatatu alimshauri achague mgombea mmoja kwa hoja ya uchumi. Jumanne alimpigia debe mwingine kwa hoja ya vita. Jumatano akarudi kwa yule wa kwanza.

"Mzee, jana ulisemaje?"

"Jana sikuwa nimekunywa dawa, binti. Nipe soksi."

Kila mtu alikuwa na maoni, na aliyaeleza bure. Donatienne peke yake ndiye ambaye hakusema lolote, na hilo ndilo lililowaudhi. Hakuwa na kiburi. Mwezi Juni 1993, akiwa na miaka ishirini na mmoja, alipiga kura Burundi kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alimwambia mtu mmoja tu jina alilolichagua, rafiki aliyechota naye maji. Kabla ya mwaka kuisha rais aliyechaguliwa aliuawa, watu wakaanza kuuana, na Donatienne aligundua kwamba mtaa mzima ulijua alivyopiga kura. Aliondoka usiku na nguo alizovaa. Miaka thelathini na moja baadaye alitaka mambo mawili: kura yake ihesabiwe, na asijue mtu.

Ndiyo maana Jumamosi moja, Déo alipokuwa kazini, alijifungia bafuni na bahasha ya Ohio, kalamu, na mkasi wa kushonea.

Mkasi unahitaji maelezo. Mwaka 1993, Donatienne alipewa karatasi moja kwa kila mgombea. Uliyemtaka ulimtia kwenye bahasha; uliowakataa uliwaacha kwenye chombo cha pembeni. Hiyo ndiyo kura pekee aliyowahi kupiga. Sasa Ohio ilikuwa imemtumia karatasi moja ndefu, yenye majina yote upande huu na majaji wanaogombea upande wa pili, pamoja na bahasha mbili tupu. Maelezo yalikuwa kurasa nne za maandishi madogo kwa Kiingereza. Aliyatazama, akayaweka pembeni. Bahasha mbili alizielewa mara moja: moja ya anayemtaka, moja ya asiowataka. Alichoona ni kwamba Wamarekani walikuwa wamesahau kukata karatasi.

Aliikata yeye. Alikata vizuri, kwa mstari ulionyooka, kama mtu aliyewahi kushona sare za shule kambini. Jina alilolitaka alilitia kwenye bahasha yenye anwani ya ofisi ya uchaguzi. Majina mengine, pamoja na sehemu yote iliyobaki ya karatasi, aliyasukumia kwenye bahasha ya pili mpaka ikavimba. Akazilamba zote mbili, akazifunga. Akatoka bafuni akiwa na furaha ambayo alisema baadaye hakuwa ameitarajia.

Jumatatu jioni alimwomba Wamaitha amsindikize kwenye dirisha la posta lililo ndani ya duka la dawa. Walikuwa wa tatu kwenye foleni Wamaitha alipotazama mkono wake.

"Mbona bahasha mbili? Hii ndogo si inafaa kuingia ndani ya hii kubwa?"

"Hapana. Hii ni ya niliyemchagua. Hii nene ni ya wale niliowakataa."

Wamaitha aliibonyeza ile nene. "Mama Carmel. Umewatenganisha aje?"

"Na mkasi."

Wamaitha alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa kwenye kile kiti cha kupimia shinikizo la damu, na mashine ikaanza kumbana mkono. Donatienne alibaki kwenye foleni na bahasha zake. Hakucheka. Alikuwa ameanza kuelewa.

"Nimeiharibu?"

"Si umeifanyia upasuaji!" Kisha Wamaitha aliuona uso wake, akajichomoa kwenye mashine. "Pole. Pole sana, dadangu. Ngoja tupige simu. Haiwezekani kuwe hakuna dawa."

Simu ilipokewa asubuhi iliyofuata na karani wa ofisi ya uchaguzi ya kaunti, mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Valerie. Donatienne aliongea mwenyewe, kwa Kiingereza cha Dayton. Alieleza yote: bahasha, majina, mkasi. Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu aliyeziba simu kwa kiganja. Valerie aliporudi aliomba radhi. Kwa miaka kumi na tisa, alisema, amepokea kura zenye kahawa, na moja iliyotafunwa na mbwa, lakini kura iliyokatwa kwa ustaarabu namna hiyo hajawahi. Alimwambia asiitume, waifute kwenye rekodi, na atapata nyingine kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Achapishe, aweke alama, aiache nzima, asaini, apeleke posta upesi.

"Nzima," alirudia Valerie.

"Nzima," alisema Donatienne.

Aliichapisha maktaba ya Weston Road wakati wa mapumziko ya mchana. Safari hii alisoma maelezo yote, kurasa zote, kidole kikifuata mstari, na Wamaitha akamsubiri nje ili asione kitu. Oktoba tarehe tisa, kura ya pili ilipimwa kwenye mizani ya posta na kuondoka.

Wamaitha ana moyo mzuri, lakini hadithi ile hakuweza kukaa nayo. Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua habari za mkasi, na Déo alijua jambo moja zaidi: kwamba ndani ya nyumba yake zilibaki bahasha mbili zilizofungwa, na kwamba ile nene ilikuwa ya waliokataliwa. Donatienne hakutaka kuzitupa kabla kura ya pili haijahesabiwa. Pengine Ohio wangeziulizia. Aliziweka juu ya kabati la vyombo, wazi, kwa sababu kuficha kitu katika nyumba ya vyumba viwili ni kumwonyesha mtu pa kutafuta.

Jioni moja alirudi kutoka Don Mills akamkuta Déo amesimama chini ya taa ya jikoni, bahasha nene imeinuliwa juu.

"Papa Yvan!"

"Sikufungua." Aliishusha haraka. "Nilikuwa ninaangalia stempu."

"Haina stempu."

"Ndiyo nimeona."

Donatienne alivua koti, akaketi. "Fungua basi, kama huwezi kulala."

Déo aliigeuza bahasha mara mbili. Ni mtu mkubwa, mwenye vidole vilivyokomaa kwa kuvuta ngozi za viti, na ingemchukua nusu sekunde. "Nikifungua nikamkuta mtu wangu humu," alisema mwishowe, "nitakununia mpaka Noeli. Na nisipomkuta, nitaenda kusema kanisani. Ninajijua." Akairudisha juu ya kabati.

Siku ya matokeo Kiprop na Wamaitha walifika kwa kisingizio cha kuleta ndizi, wakaketi mahali pa kuuona uso wa Donatienne kila jimbo lilipotangazwa. Alikuwa anachambua maharage. Ohio ilipotajwa aliuliza nani anataka chai. Kiprop alisema baadaye kwamba mtu huyo angefaa kuwa mwamuzi wa mpira.

Kura za ng'ambo huchukua muda. Ilipofika wiki ya mwisho ya Novemba, Wamaitha alimfungulia ukurasa wa ofisi ya uchaguzi kwenye simu, kama walivyofanya kila siku tatu. Mpaka hapo neno lilikuwa "imepokelewa". Siku hiyo lilikuwa "imehesabiwa". Donatienne aliishika simu mwenyewe, akasoma jina lake, herufi kwa herufi, kisha neno lile. Akamwomba Wamaitha alisome kwa sauti. Akamwomba tena.

Alipopanda ghorofa ya tisa alichukua zile bahasha mbili juu ya kabati, bila kuzifungua, na mkasi wa kushonea.

"Papa Yvan, njoo unishikie mfuko."

Déo alikuja, akaufungua mfuko wa karatasi za takataka mbele yake. Donatienne alikata bahasha zote mbili kwa pamoja, vipande vyembamba kama majani ya muhogo ya kupikia sombe, na majina, majaji na stempu ambayo haikuwepo vikaanguka vimechanganyika. Déo alikuwa amefumba macho. Hakuna aliyekuwa amemwambia afumbe.

"Umemaliza?"

"Bado. Usifumbue."