Programu Isiyo na Picha

Kuanzia tarehe ya waraka huu, watumishi wote wa Idara watafungua programu za kompyuta kwa kubofya picha zilizoidhinishwa zilizopo kwenye uso wa skrini, na programu isiyokuwa na picha ihesabiwe kuwa haipo. Ndivyo ilivyoamuliwa, ndivyo ilivyogongwa mhuri, na ndivyo ilivyobandikwa ubaoni, juu kidogo ya tangazo la mwavuli uliopotea. Hekima ya uamuzi huo haikuwa na shaka. Watumishi walikuwa wakicheza karata kwenye kompyuta saa za kazi, na Idara, iliyoshindwa kuwaondoa wachezaji, iliweza kuondoa picha ya karata. Pamoja nayo ikaondoka picha ya kikokotoo, kwa sababu ambayo hakuna aliyethubutu kuiuliza.

Aya ya pili ilikuwa fupi. Kila mtumishi atapimwa siku ya Ijumaa uwezo wake wa kufungua programu na kuandika barua, na atakayeshindwa kwa sababu za kiafya atasaidiwa kustaafu.

Hilo neno "kusaidiwa" ndilo lililomkaa kooni Mzee Cherehani.

Jina hilo alipewa na vijana wa masjala zamani za taipureta, kwa kuwa akianza kupiga chapa mtu aliye ukumbini alidhani kuna fundi anashona suruali. Alikuwa mpiga chapa wa Idara tangu enzi za karatasi ya kaboni, na vidole vyake viliijua kibodi kama ulimi unavyoyajua meno. Lakini mwaka uliopita kiharusi chepesi kilimpitia. Kilimwacha na kila kitu chake, ila mkono wa kulia kikaupa tabia mpya: ukishuka kubonyeza kitufe unatulia kama mkono wa daktari; ukiburuzwa juu ya meza unatetemeka kama jani. Na kipanya, kama inavyojulikana, huburuzwa.

Akikishika, kile kishale cha kwenye skrini kilirukaruka kama kuku aliyeona mwewe. Alilenga picha ya barua akafungua pipa la taka. Alilenga pipa la taka, kwa ujanja, akitumaini kupata barua, akazima kompyuta.

Kustaafu kwenyewe hakukuwa kifo. Ila alikwisha kuonja nyumba wakati wa likizo ya ugonjwa. Siku za mwanzo alipumzika. Baadaye alianza kupanga vijiko kwa urefu. Mwishowe mkewe alimkuta jikoni akiieleza sufuria isimame mahali pake, akaenda moja kwa moja kwa daktari kuuliza kama mgonjwa hawezi kuruhusiwa kurudi kazini mapema kidogo. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa na maslahi katika mtihani wa Ijumaa.

"Shemeji, hicho ni kipanya, si pasi," alisema mdogo wa mkewe jioni moja, akimwangalia anavyofanya mazoezi. "Unainyoosha meza?"

Shemeji huyo alikuwa fundi wa kompyuta. Alipanga chumba cha mbele cha nyumba yao, na meza yake ilijaa mashine zilizofunuliwa matumbo, bisibisi, na brashi ya rangi ya kufagilia vumbi. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na subira kidogo, na alimtania shemeji yake kwa haki zote alizopewa na ukoo.

"Cheka tu," alisema Mzee Cherehani. "Ijumaa nikisaidiwa kustaafu, nitahamia hapa mezani kwako. Nitakupangia hizo bisibisi kwa urefu."

Kicheko kikakatika. Shemeji akavuta kiti.

"Hebu weka hicho kipanya kwenye droo. Mikono juu ya kibodi. Haya, shika kitufe hiki chenye dirisha, na R kwa pamoja."

Kikatokea kisanduku kidogo. Akaambiwa aandike herufi tatu, c, m, d. Akaandika. Skrini ikafunguka dirisha jeusi, jeusi tititi, lisilo na picha hata moja, na ndani yake kijistari cheupe kikipepesa.

"Imeharibika," alisema Mzee Cherehani.

"Haijaharibika. Inakusikiliza. Sasa muite kikokotoo. Humu ndani jina lake la nyumbani ni calc."

Mzee Cherehani aliandika calc bila kutazama vidole. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote ile ya taipureta, mkono wake wa kushoto ukapaa kuurudisha ule mkono wa chuma unaopeleka karatasi mwanzo wa mstari. Haukuwepo. Kilichokuwepo ni kikombe cha chai, nacho kikaenda mwanzo wa mstari, ukutani.

"Enta, shemeji! Bonyeza enta!"

Akabonyeza. Na kikokotoo, kile ambacho Idara ilikuwa imekitangaza hakipo, kikajitokeza katikati ya skrini, kizima, na tarakimu zake zote.

Mzee Cherehani alikitazama. Alimtazama shemeji yake. Akakitazama tena, kana kwamba amemkuta marehemu sokoni akichagua nyanya.

"Amekuja," alisema.

"Ndiyo, amekuja."

"Nimemwita kwa jina, akaja."

"Shemeji, usilie kwenye kibodi yangu, inaingia kutu."

Basi hapo ndipo balaa lilipoanza. Mspaint akaitwa, akaja na brashi zake. Control akaitwa, akaja na mipangilio yote ya mashine, kama mwenye nyumba aliyebeba bunda la funguo. Taskmgr akaja na habari za nani anafanya kazi na nani anajifanya. Programu ya barua haikuitika kwa jina tupu, na Mzee Cherehani alifurahi mno kuambiwa sababu: yeye ni mheshimiwa, lazima umtangulizie neno start ndipo umtaje, start winword, la sivyo anakaa kimya. "Naam!" alisema. "Nimefanya kazi chini ya watu kama hao." Kila aliyeitwa alikuja, na kila alipokuja mzee alipiga kofi pajani.

"Na kuondoka je?" aliuliza. "Mgeni ukimwita, lazima umsindikize."

Shemeji akamfundisha na amri ya kufukuza: taskkill, kisha vialama viwili vitatu, kisha jina la anayefukuzwa. Aliandika, akabonyeza enta, kikokotoo kikatoweka bila kuaga.

"Ee bwana wee! Hii kazi nilizaliwa kuifanya."

Mkewe alitoka chumbani kuona kelele zinatoka wapi. Alimkuta mumewe amesimama, ameinamia kibodi, vidole vinashona, uso unang'aa. Alimwuliza mdogo wake, kwa sauti ya chini, kama hiyo mashine haiwezi kununuliwa.

"Dada, mwache. Siku ya kwanza huwa hivyohivyo."

"Siku ya harusi hakuwa hivi," alisema dada, akaenda kutafuta kitambaa cha kufutia chai.

Hofu ilirudi asubuhi ya Ijumaa yenyewe, Mzee Cherehani akivaa viatu. Waraka ulisema kubofya. Haukusema kuita.

"Wakisema sijabofya?"

"Utakuwa hujabofya," alijibu shemeji. "Lakini barua itakuwepo mezani. Waache wao waamue kipi kizito, waraka au barua."

Chumba cha mtihani kilikuwa ni ofisi ya Afisa Utumishi, mama mmoja mnyoofu, mwenye miwani ya kuning'inia na sifa ya kutokucheka tangu apandishwe cheo. Alimpenda Mzee Cherehani, na ndiyo maana alikuwa amekunja uso kuliko kawaida.

"Karibu, mzee wangu. Fungua programu ya barua."

Mzee Cherehani, kwa kuheshimu waraka, alikishika kipanya kwanza. Kishale kikaruka. Pipa la taka likafunguka. Akalifunga, likafunguka. Afisa Utumishi akavua miwani, jambo ambalo watumishi walilijua kuwa ni dalili ya kusaidiwa.

"Mama, naomba ruhusa niingie kwa mlango wa uani."

"Mlango gani?"

Mzee hakungoja ruhusa. Dirisha jeusi lilikwisha kufunguka. Start winword: mheshimiwa akaja. Vidole vikaanza kushona, na sauti ile ya zamani ikatoka hadi ukumbini, ambako watu wawili wa masjala walisimama kusikiliza. Barua ikaisha kabla Afisa Utumishi hajamaliza kuvaa miwani yake.

"Umefanyaje?" aliuliza. Akavuta kiti. "Hiyo nyeusi ni nini?"

"Unaita kwa jina, anakuja."

"Yeyote?"

"Yeyote niliyemjua hadi sasa."

Afisa Utumishi alitazama mlango. Ulikuwa umefungwa. "Muite kikokotoo," alisema, kwa sauti ya mtu anayeulizia ndugu aliyefukuzwa ukoo.

Kikokotoo kikaja. "Alaa!" alisema Afisa Utumishi. Likizo za watumishi, alisema, alikuwa akizikokotoa kwa simu yake mwenyewe tangu waraka utoke. "Mwingine! Ita mwingine!" Mspaint akaja, na mama huyo akachora kitu kilichokusudiwa kuwa ua. Sasa walikuwa bega kwa bega, wakipokezana kibodi kama watoto wenye baiskeli moja. Mafaili je? Mzee Cherehani akamwita explorer, naye akaja na makabati yote ya ofisi.

Kisha, kwa adabu, akaanza kuwasindikiza wageni. Akafukuza kikokotoo, kikaenda. Akafukuza mspaint na ua lake. Akaandika amri ya kufukuza explorer, akabonyeza enta kwa madaha.

Makabati yakaondoka. Na picha zote za Idara zikaondoka nayo. Ukaondoka na ule mstari wa chini wenye saa. Pipa la taka lenyewe, lililomng'ang'ania asubuhi nzima, likaondoka. Uso wa skrini ukabaki mtupu kama kiganja, isipokuwa barua, na lile dirisha jeusi likipepesa kijistari chake.

Hakuna aliyemwambia kwamba explorer anayeonyesha makabati ndiye huyohuyo aliyebeba mgongoni picha zote za nyumba.

"Mzee wangu," alisema Afisa Utumishi taratibu, "umeiua kompyuta ya Idara?"

 Mzee Cherehani aliviona vijiko vya nyumbani, vimepangwa kwa urefu. Kwa mujibu wa waraka, ofisini humo sasa hapakuwa na programu hata moja iliyokuwapo. Aliweka mikono juu ya kibodi kwa kuwa hakujua pengine pa kuiweka. Alikuwa na ujuzi mmoja tu duniani wa jambo hili, nao ulikuwa wa siku tatu: ukimtaka mtu, muite.

Akaandika explorer. Enta.

Skrini ikapepesa. Mstari wa chini ukarudi, na saa yake. Kisha picha zikachomoza moja baada ya moja, zote zilizoidhinishwa, na pipa la taka likiwa la kwanza.

Afisa Utumishi alipiga kelele. Haikuwa ya hasira. Ukumbini walisema baadaye kwamba ilifanana na ya mtu ambaye timu yake imefunga bao. Mzee Cherehani naye alikuwa amesimama, ngumi juu, na mkono wa kulia ukitetemeka upendavyo.

Barua ilichapishwa. Afisa Utumishi aliishika dirishani kwenye mwanga, akatafuta kosa, akakosa. Kisha akaketi na kutafakari, kwa kuwa hata hivyo yeye alikuwa Afisa Utumishi.

"Waraka unasema programu isiyo na picha haipo," alisema. "Kwa hiyo hilo dirisha jeusi sikuliona. Haliwezi kuonekana. Barua hii ipo?"

"Ipo, mama."

"Basi njia iliyobaki ni moja tu: umebofya. Jumatatu kazini kama kawaida." Akamsindikiza hadi mlangoni, akashusha sauti. "Na zile karata, jina lao la nyumbani ni nani?"

Mkewe, alipopata habari, alimkumbatia mumewe kwa muda mrefu na kuyaachia macho yake yatulie kwenye droo ya vijiko. Shemeji alidai kikombe kipya.

Waraka haukufutwa. Mwezi uliofuata Idara ilitoa wa pili, wenye kukazia kwa msisitizo kwamba programu isiyo na picha haipo na haijawahi kuwapo. Ulipigwa chapa na Mzee Cherehani, baada ya start winword.