Sanduku Lisilosikia Flashi

Ujumbe ulinifikia nikiwa juu ya ngazi Karatina, nikifunga king'ora kwenye duka la mbegu. Ulitoka kwa muuzaji wa Nairobi ambaye huniuzia vifaa. Mitandao ya zamani ya simu itazimwa hatua kwa hatua, aliandika, kwa hiyo kila kifaa kinachoitegemea kibadilishwe mapema. Hakutaja siku. Alisema tu nisingoje.

Kazi yangu ni vitu vinavyopiga simu vyenyewe. King'ora cha duka, kifaa cha kufuatilia lori, mashine ya kuangulia vifaranga inayotuma ujumbe joto likishuka, pampu za wakulima wa nyanya kule Kutus. Watu wengi hawajui kwamba ndani ya vitu hivyo mna laini kama ile iliyo kwenye simu zao. Nikiwaambia mtandao wake unaondoka, hunitazama kana kwamba nimetunga uongo ili nipate kazi. "Si inafanya kazi? Wacha ifanye." Maneno hayo yananipandisha hasira papo hapo. Mtu huyo huyo hubadilisha oili ya pikipiki kabla injini haijafa, lakini king'ora anataka kungoja mpaka wezi wamjulishe kwamba kilikufa.

Basi nikaanza kuzunguka, nikifungua kila sanduku nililowahi kufunga. Lenye mtandao mpya niliacha, lenye mtandao wa zamani tu nilibadilisha. Nilimaliza Kutus, nikamaliza Karatina, nikamaliza machache ya Gatitu, ninakoishi. Sanduku la nyumbani kwetu niliacha mwisho, maana nyumbani kuna mama yangu, na Mama si mteja wa kuambiwa jambo mara moja.

Nyumbani ni kilima kimoja juu ya Karatina. Nyumba ni kumi na moja, zimepangana kwenye njia moja, na nyingi zina mtu mmoja tu ndani yake. Vijana wako Nairobi, wako Thika, wengine ng'ambo. Mto uko chini na watu wako juu. Pampu husukuma maji hadi kwenye tangi lililo kileleni, na kutoka hapo kila nyumba ina bomba lake. Koki zote zikifunguliwa pamoja, walio chini hujaza mapipa na walio juu hupata matone. Ndiyo maana kuna zamu, na mwenye kuzisimamia ni Mama.

Zamani alikuwa akishuka mtoni kuwasha pampu kwa mkono. Goti lilipoanza kumsumbua nilimfungia sanduku, la kwanza nililowahi kufunga maishani. Alilipigia simu, likaita mara moja, akakata, na kule bondeni pampu ikawaka. Flashi tu, na flashi haili salio. Mama aliipenda njia hiyo akaipeleka mbali kuliko nilivyokusudia. Tangi likijaa, aliflashi nyumba ya kwanza: zamu yako. Wa nyumba ya kwanza alifungua koki, akajaza mapipa, akafunga, akamflashi Mama: nimemaliza. Mama akaflashi nyumba ya pili. Hivyo hivyo mpaka ya kumi na moja, bila mtu kusema neno. Asubuhi kilimani kwetu ilikuwa simu zinazolia mara moja na kunyamaza.

Sasa, lile sanduku la zamani lilikuwa la mtandao wa zamani tupu. Na masanduku mapya niliyokuwa nayo yanapokea data na ujumbe, lakini simu ya kupigwa hayapokei. Uyaflashi mpaka kidole kiote sugu, hayasikii. Simu za watu zingeendelea kuflashiana zenyewe kwa zenyewe, hata wakija kununua za mtandao mpya. Ila pampu isingemsikia Mama tena.

Nilifikiri nimepata nafasi ya kumpumzisha. Nikapanga sanduku moja mtoni na jingine kwenye tangi. Maji yakipungua pampu ijiwashe. Chini ya tangi niweke valvu kumi na moja za umeme, kila nyumba na valvu yake na dakika zake. Ya kwanza ifunguke, ijifunge, ya pili ifunguke. Hakuna flashi, hakuna kungojana, hakuna kugombana.

Mkutano wa kikundi cha maji hufanywa kwa Kiswahili kwa sababu ya Afande wa nyumba ya saba. Ni askari mstaafu kutoka magharibi, alihamishiwa kwetu akiwa kazini, akanunua kipande cha shamba na kukataa kurudi kwao. Nilieleza mpango wangu. Watu wakapiga makofi. Jirani wa nyumba ya nane, mwenye ng'ombe wa maziwa, alipiga kuliko wote, kwa kuwa ng'ombe wake hunywa kama wanalipwa.

Mama hakupiga makofi. "Ni sawa," alisema. "Nyinyi ndio mmesoma."

Tulipofika nyumbani aliniuliza swali moja. Kwa kawaida mimi naye tunaongea Kikuyu, na huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Lakini akikasirika hunisemesha Kiswahili, kana kwamba nimetumwa na serikali.

"Na mimi nitajuaje wameamka?"

"Kina nani?"

"Watu."

"Mama, maji itaenda yenyewe. Hata wakilala."

"Hiyo nimesikia," akasema, akaingia jikoni.

Nilidhani amenuna tu kwa kunyang'anywa uongozi. Na alikuwa amenuna kwa hilo pia, nisimfanye malaika. Mama anapenda kusimamia mambo. Akiingia kanisani, viti hujipanga.

Nilifunga kila kitu, na kikafanya kazi. Asubuhi ya kwanza Mama aliamka saa zake zilezile, akaketi kwenye kigoda na simu mkononi, akasikiliza pipa letu likijaa. Lilipojaa maji yalisimama yenyewe. Alifagia uwanja. Akaufagia tena. Mimi nikarudi Gatitu nikiwa najivuna sana.

Kila nilipompigia aliniambia yuko sawa. Kisha jirani wa ng'ombe akaniambia, katikati ya mazungumzo mengine, kwamba mama yangu siku hizi ana matembezi mengi. Kila asubuhi anapita njia nzima, nyumba hadi nyumba, akiwa na fimbo. Akiulizwa anasema anapitia tu salamu.

Nilienda nyumbani siku hiyohiyo. Nilimkuta amenyoosha mguu juu ya kiti, goti limevimba kama boga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walitufundisha shuleni, lakini hawakutuachia methali ya mkuu asiyesikia la mtoto. Nilimfokea. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Nimekufungia mashine ndio upumzike! Sasa unatembea hii kilima yote kutafuta nini?"

"Natafuta wale walikuwa wananiflashi."

"Si uwapigie?"

"Niwapigie niseme nini kila siku? Ati umekufa?" Akalisugua goti. "Nimejaribu kuwaflashi. Hakuna mtu anarudisha. Maji iko, watarudisha ya nini?"

Kisha akanikumbusha habari ya Afande, kana kwamba siijui. Ilikuwa Julai, ile baridi ya kwetu inayoingia hadi kwenye sufuria. Mama alimflashi Afande, na flashi haikurudi. Akaflashi tena. Angeweza kumruka, na watu wengi wangemruka. Yeye alikataa kufungulia nyumba ya nane mpaka ya saba ijibu. Jirani wa ng'ombe akapiga simu akilalamika. Mama akamwambia, kama unataka maji enda umwambie Afande afunge koki yake. Akaenda, amekasirika, tayari kugombana. Akamkuta Afande sakafuni kando ya kitanda, presha imepanda, hawezi kuinua mkono wa kulia. Walimbeba hadi barabarani. Leo Afande anatembea, na anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Habari hiyo nilikuwa nikiisimulia kama bahati. Mama hakuiona hivyo. Kwake, Afande aliokolewa kwa sababu maji yalisimama. Watu wazuri tunao, lakini mtu mzuri mwenye maji kwenye pipa hana haraka ya kwenda kwa jirani. Valvu zangu hazikusimama kwa ajili ya mtu yeyote. Zilikuwa zimemfungulia Afande dakika zake kila asubuhi, na zingemfungulia vilevile angekuwa sakafuni.

Niliona uchungu, na niliona aibu kidogo, halafu nikafanya ninachofanya nikiwa na aibu: nikachukua bisibisi. Nilipanda hadi kwenye tangi, nikafungua kompyuta juu ya jiwe, nikafuta dakika zote. Pampu niliiacha ijiwashe yenyewe, hilo Mama hakuwa na ugomvi nalo. Lakini valvu nilizifanya zingoje. Nilimpa Mama simu ya vitufe ya mtandao mpya. Anaflashi nyumba, nyumba inamaliza na kumflashi, kisha Mama anatuma ujumbe kwa sanduku: nambari ya nyumba inayofuata, basi. Valvu moja inajifunga, nyingine inafunguka. Asipotuma, hakuna linaloendelea.

Kikundi kiliniita nijieleze. Jirani wa ng'ombe alisimama kwanza.

"Tulinunua mashine inajua kufanya kazi peke yake. Sasa umeifundisha kungoja? Hiyo ni maendeleo gani?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu. Sikuyatumia, kwa kuwa Afande aliinuka, akiegemea meza kwa mkono wa kushoto.

"Wacha ingojee," alisema, akaketi.

Ajenda ikaenda kwenye ua wa kuzunguka tangi.

Uvimbe wa goti la Mama ulipungua, flashi zikarudi kilimani, nami nikarudi Gatitu. Baada ya hapo Mama akaanza kuniflashi mimi pia, asubuhi nikipiga mswaki. Mara ya kwanza nilimpigia nikidhani ana shida. Akapokea kwa ukali.

"Usipige. Rudisha flashi tu. Niko kazini."

Nikawa namrudishia. Niliona ni mchezo wa mama na mtoto wake, nikauzoea kama nilivyouzoea mlio wa mlango wa jirani. Hata sikuufikiria.

Kisha kukaja siku niliyoamka na homa. Ilikuwa imeanza jana yake nikiwa Kutus, nikanyeshewa kwenye shamba la nyanya, na usiku ikanishika sawasawa. Sikumwambia mtu. Nani ningemwambia? Naishi peke yangu, milango ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga hufungwa mapema, na fundi akikosekana kazini watu hudhani amekula malipo ya kwanza akatoroka. Nilisikia simu ikilia mara moja chini ya mto. Nikaiacha. Ikalia tena mara moja. Nikajifunika blanketi.

Ya tatu haikukatika. Iliita mpaka nikaitoa. Alikuwa jirani wa ng'ombe.

"Sasa wewe!" alianza. "Ng'ombe zangu ziko na kiu tangu asubuhi! Hujui ukinyamaza maji inasimama?"

"Maji gani? Mimi sina koki huko."

"Hiyo ndio nimeuliza mama yako! Anasema baada ya Afande ni wewe, halafu mimi. Ati wewe usiporudisha, hatumi nambari yangu. Ameniambia kama nataka maji nikutafute." Nilisikia ng'ombe wake mmoja akilia nyuma yake, na sauti yake ikabadilika. "Lakini kwanza, uko mzima?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ndivyo tunavyosema.

"Hapana," nikasema. "Niko na homa. Hata kusimama siwezi."

"Nilijua. Sauti yako si yako." Akamwita mtu pembeni, akamwambia atafute boda ya kwenda Gatitu, kisha akanirudia. "Sasa mflashi mama yako, maji iende. Hiyo ingine wacha kwetu."

Nikampigia Mama. Ikaita mara moja, nikakata.