Chumvi Katika Tangi la Baba Mdogo

Mwaka huu nilirudi Nachingwea kwa harusi ya binamu yangu. Nyumba ilijaa wageni, nikapewa godoro katika chumba cha mbele, ambacho siku hizi wanawekea magunia ya ufuta. Nilipokuwa natandika niliona sakafu karibu na ukuta imemomonyoka. Saruji imeliwa, imebaki vumbi jeupe lenye umbo la mstatili. Mgeni mmoja alisema ni unyevunyevu. Mimi nilikaa juu ya gunia nikaitazama kwa muda mrefu, kwa sababu najua kilichokaa pale nilipokuwa mtoto.

Wazazi wangu walilima Mbekenyera, upande wa Ruangwa. Walinipeleka Nachingwea kwa baba mdogo, aliyeishi na bibi, ili nisome shule iliyo karibu. Kazi zangu zilikuwa kufagia uwanja, kuchota maji, na msimu wa korosho kumsaidia bibi kuzichoma na kuzibangua mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Bibi alipika mbaazi kwa karanga, na ugali wa mhogo uliokuwa unavutika mkononi. Mpaka leo nikisikia harufu ya maganda ya korosho yakiungua, macho yananiwasha na tumbo linadai chakula.

Baba mdogo alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, dereva wa hoteli moja ya ufukweni. Hoteli ilipopata wamiliki wapya, vitu vya zamani viligawiwa wafanyakazi. Wenzake walibeba magodoro na mafriji. Yeye alichukua tangi la kioo la samaki wa baharini, akalileta Nachingwea, ambako bahari watu wengi wanaisikia tu. Maji yenyewe alikuwa akiagiza Lindi, yanakuja kwenye madumu juu ya basi. Humo ndani kulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe, mmoja bapa wa manjano, na bunju mmoja mnene aliyekuwa akitukodolea macho.

Pembeni kulikuwa na pampu ndogo ya kuzungusha maji. Ililia mmm, mmm, kutwa nzima, na sisi tulizoea kusikia sauti hiyo kama wengine wanavyozoea redio.

Mtu aliyelipenda tangi lile kuliko wote alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima aliyezaliwa Mandawa, mjane, muuza karanga za kuchemsha. Mimi nilimwita shangazi ingawa hatukuwa ndugu. Kila alasiri akitoka kuuza alipita kwetu, anatandika mkeka mbele ya kioo, ananisuka nywele huku anaongea na samaki kwa Kimwera. Nikimuuliza anawaambia nini, anajibu, "Nawasalimia. Wametoka mbali hawa."

Kisha pampu ikaanza kuumwa. Sauti yake ikawa ya kukwaruza, inasimama, inashtuka, inaendelea. Samaki wakapanda juu wakawa wanahema midomo ikiwa wazi. Baba mdogo alianza na umeme, maana umeme wetu ulikuwa unapungua jioni mpaka taa zinakuwa nyekundu. Alinunua stabilaiza. Pampu ikazidi kukwama. Akabadilisha waya, akabadilisha soketi. Mwishowe akaifungua, akatuonyesha: propela ndogo iliyoshikamana na sumaku ilikuwa imeganda ndani ya ukoko mweupe, mgumu kama wa birika la chai. Akailoweka kwenye maji ya ndimu, akaisugua kwa mswaki, ikazunguka vizuri. Baada ya muda mfupi ikakwama tena, ukoko uleule.

Alikuwa na kipimo cha chumvi, kijiti cha kioo kinachoelea. Alipokitumbukiza kikaelea juu ya alama yake. Akaongeza maji, akapima siku nyingine, kimepanda zaidi. Akasema neno ambalo lilibadilisha nyumba yetu.

"Kuna mtu anatia chumvi kwenye maji yangu."

Nisikilize vizuri, rafiki yangu. Haikuwa dhana ya mlevi. Chumvi ilikuwa inaongezeka kweli, na yeye alijua hajatia hata punje. Basi nani? Aliniuliza mimi, taratibu, akinitazama machoni. Akamuuliza bibi kama kopo la chumvi limepungua. Bibi akalibeba kopo akalifungia sandukuni, na kwa siku kadhaa tukala mbaazi zisizo na ladha kwa sababu alikuwa akisahau kulitoa. Nikienda kunywa maji mtungini naona baba mdogo ananyanyua kichwa. Nami nikaanza kunyanyua kichwa kila mlango unapolia.

Siku moja nikifagia niliona chembe nyeupe sakafuni, mbele ya tangi, pale mkeka wa jirani unapotandikwa. Bibi alikuwa nyuma yangu. Aliinama, akachukua chembe kwa kidole, akalamba. Alasiri jirani alipoingia, bibi hakumkaribisha chai.

Jirani alikaa kama kawaida, akanivuta mapajani anisuke nywele. Upande wa khanga yake ulikuwa na fundo. Nililijua fundo lile toka zamani, na siku hiyo sikuweza kuacha kulitazama.

Baba mdogo alisimama mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona pampu leo haiongei?"

"Mama, samahani. Hilo fundo lina nini?"

Mikono ya jirani ilisimama kichwani mwangu. Alilifungua taratibu. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi chumvi.

"Ya karanga," alisema. "Wateja wengine wanataka kuongeza."

"Chumvi imekuwa nyingi humu. Na ipo sakafuni, hapo ulipokaa."

"Unadhani nawaua samaki wako?"

"Sijasema hivyo, mama. Nasema inatoka mahali. Naomba kwa sasa usiingie chumba hiki."

Alimalizia msuko aliouanza. Hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi, kwamba hakuniacha na nywele nusu. Kisha akakunja mkeka, akamwambia bibi, "Mimi naenda, ndugu yangu," naye bibi akaitikia bila kugeuka kutoka kwenye sufuria.

Bunju alikufa wiki hiyohiyo, na kifo chake kikawa kama ushahidi. Bibi akakumbuka kwamba jirani aliwahi kusema tangi lile lingefaa kuwa kwake. Akakumbuka pia kuku wetu waliokufa zamani. Mimi nilikatazwa kupeleka korosho za kuonja kwake, na nilitii.

Baba mdogo alikuwa na safari ya Mbekenyera kumsaidia baba kupeleka korosho ghalani. Kabla ya kuondoka alipima chumvi mbele yetu, akafunga chumba kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Aliporudi, kabla hata ya kunawa vumbi la barabara, alifungua na kutumbukiza kipimo. Kilikuwa kimepanda tena. Pampu imekwama, samaki wawili wa chungwa wanaelea kwa ubavu, wamekufa, yule wa manjano anahema.

"Nani ana ufunguo mwingine?" aliuliza.

Bibi aliweka ungo chini. "Sasa zamu yangu?"

Baba mdogo alichomoa simu mfukoni. Alimpigia simu fundi waliyefanya naye kazi hotelini, akaweka spika kwa kuwa bila hivyo simu yake ilikuwa haisikiki. Tulisikia kila neno. Alimweleza yote: ukoko, chembe za sakafuni, chumba kilichofungwa.

"Hizo chembe ni maji yanayorukia nje yakakauka," fundi alisema. "Sasa niambie, maji yakipungua unaongeza maji gani?"

"Ya bahari. Naagiza Lindi."



"Kaka, joto linabeba maji, chumvi inabaki. Ukiongeza ya bahari unaongeza chumvi juu ya chumvi. Unatakiwa kujazia maji ya kawaida. Hakuna mtu anayetia, ni wewe mwenyewe."

Baba mdogo alibaki ameshika simu hata baada ya kukatika. Bibi alikaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa upande wa khanga.

Jioni ileile, kabla ya magharibi, walikwenda wote wawili kwa jirani, nami nyuma yao. Baba mdogo alichuchumaa chini kabisa alipokuwa anaomba radhi. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho. "Yameisha, mwanangu," alisema. "Nimesamehe." Akatugawia karanga, za moto, tukala pale uani. Naamini alisamehe. Hakuwa mtu wa kusema jambo asilolimaanisha.

Pampu ilipona. Ilinguruma vizuri kwa miaka miwili au mitatu, pamoja na yule samaki wa manjano peke yake, mpaka baba mdogo alipochoka na madumu akaliuza tangi. Jirani alirudi Mandawa kwa mwanawe. Bibi alifariki. Watoto wa nyumba ile leo hawajui kama bahari iliwahi kukaa chumbani, na mlango ambao mchana kutwa ulikuwa wazi sasa una kufuli, ingawa ndani kuna ufuta tu. Sijui ni nani aliyeanza kuufunga tena.

Ila kabla hajahama, jirani alikuja kwetu Idi moja. Bibi alimkaribisha chumba cha mbele akamsalimie samaki wake. Jirani alicheka, akasema pale barazani panamtosha. Alikula pilau, akanisifia nguo yangu, akaulizia shule. Muda wote ule mikono yake, ilipokuwa haina kijiko, ilikaa juu ya magoti, viganja juu, mahali ambapo kila mmoja wetu aliweza kuiona.