Mawingu kwenye Jalada la Wekulo

Javan Wekulo alikuwa na shahada ya historia, funguo mia moja na nne, na shaka. Shahada aliilaza ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro. Funguo zilining'inia kiunoni, zikimtangulia kwa mlio popote alipokwenda. Ama shaka, hiyo haikuhitaji pa kuhifadhiwa, maana ilimwenea mwili mzima kama baridi ya Julai. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa msimamizi wa jengo la ghorofa saba pale Kayole, kazi aliyoikubali kwa miezi mitatu tu huku akisubiri kazi ya kweli. Wapangaji walimwita Keateka, yaani mtunza jengo, na swali walilomuuliza kuliko maswali yote lilikuwa maji yatafunguliwa saa ngapi.

Alipotimiza miaka hamsini na miwili aliamua kuyaandika maisha yake. Aliandika alasiri, juu ya paa, kando ya tangi, mashuka ya watu yakimpiga usoni kila upepo ulipovuma. Aliandika juu ya mama yake kule Bungoma, aliyeuza ndizi hadi mwanawe akavaa joho. Aliandika juu ya sanduku la bati alilokuja nalo mjini. Aliandika hata juu ya siku aliyokwama ndani ya tangi akilisafisha, akaokolewa na Wakiuru, mama wa ghorofa ya pili, aliyekuwa amepanda kuanua nguo. Lakini sura aliyoienzi ilikuwa ya sita, iliyochunguza kwa kina usambazaji wa maji katika jengo lile tangu msingi wake ulipochimbwa. Sura hiyo ilimla miaka miwili. Yeye aliiona kuwa ndiyo nyama. Nyingine zote zilikuwa mchuzi.

Wachapishaji watatu hawakumjibu. Wa nne alimjibu kwamba angemjibu. Ndipo Wekulo alipouchukua mswada wake, akaubana kwapani, akaenda kwenye duka la kuchapisha la mama mmoja aitwaye Wanja, karibu na Spine Road.

Duka la Wanja lilitoa kadi za harusi na kalenda za makanisa, lakini kilichomlisha hasa ni vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu mbele na wasifu wake ndani. Kila wiki watu waliingia na karatasi za maisha ya mtu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliacha nani. Katika miaka kumi na mitano ya kazi hiyo, Wanja hakuwahi kuletewa maisha ya mtu ambaye bado anayatumia.

Laiti Wekulo angesema wazi kwamba kitabu ni chake, pengine mambo yangenyooka. Lakini aliona aibu.

"Nimeleta maisha ya mtu mmoja," alisema, macho sakafuni. "Wa hapa hapa Kayole. Hakuwa mtu mkubwa."

Wanja akaupokea mswada kwa mikono miwili. "Pole sana," akasema.

Wekulo alidhani anahurumiwa kwa kujiingiza katika uandishi. "Asante," akajibu. "Tumezoea."

Alipoombwa picha, alitoa ndogo ya kitambulisho, ile ambayo hata yeye hakuwahi kuiamini. Alipoulizwa anataka vingapi, alisema mia moja na kumi. Alipoulizwa lini, alisema kabla ya Jumamosi. Wanja akatikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ya kuzika. Urefu wa wasifu ulimshangaza kidogo, lakini aliona neno shahada katika ukurasa wa pili, akajiambia kwamba wasomi hawafi kwa maneno machache.

Wekulo aliagiza vitabu vipelekwe kwa Mbugua, mwenye duka chini ya jengo, naye avigawe mlango kwa mlango. Kisha akafanya jambo aliloliona la hekima. Alimkabidhi Mbugua funguo zote, akamwonyesha namna ya kuwasha pampu, akazima simu, akatorokea kwa dada yake Phelister huko Kitengela. Hakuwa na moyo wa kuutazama uso wa kwanza utakaofungua ukurasa wa kwanza. Ikiwa watu wangevitumia kuwashia jiko, heri wafanye hivyo akiwa mbali.

Ijumaa asubuhi Mbugua alifungua boksi. Uso wa Wekulo ulimtazama ukiwa umeelea katikati ya mawingu meupe, njiwa mmoja kwenye kila sikio, waridi kidevuni. Chini yake uliandikwa mwaka wa kuzaliwa, kisha kistari, kisha pengo. Wanja hakupewa mwaka wa mwisho, na hakutaka kuwasumbua wafiwa. Aliacha nafasi ijazwe kwa kalamu.

Mbugua aliketi juu ya kreti ya soda. Alipiga simu, haikupatikana. Akakumbuka jinsi Keateka alivyomkabidhi funguo zote bila sababu, na namna alivyoshika mkono wake kwa muda mrefu, akaamini kwamba alikuwa akiagwa. Kufikia adhuhuri jengo lilikuwa na kamati ya mazishi, mwenyekiti, naibu mwenyekiti, na ugomvi juu ya nani atapika. Mwili uko wapi hakuna aliyejua. Ikakubaliwa kwamba jamaa wa Bungoma wameshaupeleka nyumbani, nao wa Kayole wamwombolezee hapo hapo.

Jumamosi saa tisa Wekulo alirudi. Alikuta lango wazi, viti vya plastiki vimejaa uani, na sufuria kubwa ya githeri ikitoa mvuke. Msiba, alijiambia, na akavua kofia. Alijibanza nyuma ya ngazi, penye masanduku ya mita za stima, ajue kwanza ni nani aliyefariki kabla ya kuwasalimu wafiwa.

Hapo ndipo alipoona kwamba watu wote, kama themanini hivi, walikuwa wameshika kitabu chake. Walikuwa wakisoma. Hakuna aliyechezea simu. Mbugua, katika koti lake la kanisani, alisimama mbele akisoma kwa sauti. Halafu mwanamke mmoja akainua kitabu kujipepea, na Wekulo akaona mawingu, akaona njiwa, akaelewa.

Mtu mwadilifu angejitokeza papo hapo. Wekulo alilijua hilo, na akaahidi kulitekeleza sura hiyo ikiisha. Ilikuwa sura ya tangi, na watu walikuwa wakicheka. Wakiuru alisimama kusahihisha: mwandishi hakutaja kwamba alivutwa kwa kanga yake mpya, wala kwamba kanga hiyo hadi leo haijarudi. Wakacheka zaidi. Kule nyuma ya ngazi, marehemu akaahidi kuiongeza kanga.

Kisha ikaja sura ya mama yake na ndizi. Mwanamume wa ghorofa ya tano, ambaye kwa miaka tisa hakuwa na neno kwa Wekulo ila la maji, akafuta macho kwa mkono wa shati. Wekulo naye akashindwa kujizuia, akamlilia marehemu pamoja na wengine. Aliwaza kwamba akijitokeza, usomaji utakatika. Nani husoma kitabu cha mtu anayeweza kumwona kesho akizibua mfereji? Akaamua kubaki mfu hadi ukurasa wa mwisho.

Angefaulu, lau Mbugua asingeitazama saa yake.

"Jamani, kwa sababu ya muda," Mbugua alisema, kama isemwavyo katika kila mazishi, "sura ya sita kila mmoja ataisoma nyumbani kwake. Twende ya saba."

Wekulo alisikia kurasa kumi na nane zikigeuzwa kwa mkupuo, kwa mikono themanini, kwa mlio kama wa kuku akikung'uta mabawa. Miguu yake ilitoka nyuma ya ngazi kabla akili haijaishauri.

"Samahani, Mbugua. Hiyo haiwezi kurukwa. Ya saba haieleweki bila ya sita."

Mbugua, aliyezoea kukatizwa na jamaa wenye uchungu, hakuinua macho. "Ndugu, pole, tunakuelewa. Lakini chakula kinapoa."

Halafu akainua macho.

Kikombe kikaanguka. Naibu mwenyekiti alipanda ngazi mbio hadi ghorofa ya tatu, na mlango ukasikika ukifungwa kwa makomeo mawili. Wakiuru akajongea, akamfinya Wekulo mkono, akamnusa.

"Ni yeye," akawatangazia. "Ananuka grisi ya pampu." Kisha akamgeukia. "Wewe Wekulo, umekufa ama hujakufa? Nimechemsha githeri tangu alfajiri."

"Sijafa," alisema Wekulo. "Nimechapisha kitabu."

Wanja, aliyekuwa amekuja kutoa rambirambi, aliinuka polepole karibu na sufuria. "Si ulisema ni mtu mmoja?"

"Nilimaanisha mimi."

"Na kwa nini hukusema ni wewe?"

Wekulo akairudisha kofia yake kichwani.

Mbugua alimsukumia kitabu kifuani, akasema basi asome mwenyewe hiyo sura yake. Wekulo akasoma. Ukurasa wa kwanza walimsikiliza. Wa pili ulihusu upana wa mabomba. Kufikia wa nne, foleni ilikuwa imejipanga kwenye githeri. Kufikia wa tisa, alikuwa amebaki Wakiuru peke yake, kidevu kiganjani, jicho moja limefumba.

Wekulo akafunga kitabu. "Ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni ndefu kama hayo maji yenyewe, unangoja na hayaji." Wakiuru alifikiri kidogo. "Ile ya tangi ndiyo kitabu. Na ya mama yako. Mbugua hakukosea kuiruka hii."

Wekulo alisubiri uchungu aliouzoea, lakini haukuja. Hakuwahi kukosolewa na mtu aliyemsoma. Siku zote alijikosoa mwenyewe, bure, bila msaada. Akaomba sahani ya githeri ya matanga yake, akala akashiba.

Vitabu havikurudishwa. Alipopita kuvikusanya ili vichapishwe upya bila mawingu, kila mlango ulimjibu kwamba bado wanasoma. Ikambidi aende tena kwa Wanja na mswada mwingine, sura ya sita ikiwa kurasa mbili na kanga ikiwa mahali pake. Safari hii alimtazama machoni.

"Nimeleta maisha yangu," alisema.

Mkono wa Wanja, kwa mazoea, ulikuwa umeshafungua mawingu kwenye kompyuta. Akayafuta pamoja na njiwa wote wawili, akaandika mwaka wa kuzaliwa, kisha kistari.

"Na baada ya hapo?" akauliza.

"Pawe wazi tu," alisema Wekulo. "Bado nayatumia."