Marhamu Siyo Mafuta

Hospitalini walimwita Marhamu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtu akichungulia kwenye chumba chake cha nyuma ya dirisha la dawa na kuuliza, "Mama, yale mafuta ya upele yako tayari?" hakuinua hata uso. "Mafuta ni ya kukaangia, na ya kujipaka ukitoka kuoga," alijibu. "Hapa tunatengeneza marhamu." Alimjibu hivyo mfagizi, akamjibu hivyo mganga mkuu. Basi wakamwachia hilo neno liwe jina lake, naye akalibeba miaka ishirini na saba.

Kazi yenyewe haina hadithi ndefu. Unga wa dawa unasagwa kwenye kinu kidogo cha kaure hadi ukiusugua kati ya vidole usisikie chembe. Unachekechwa, unapimwa, unamiminwa juu ya kibao cha kioo, halafu unaletewa vaselini kidogo kidogo: kwanza kiasi sawa na unga, kisha kiasi sawa na mchanganyiko uliopatikana, kisha maradufu tena, huku visu viwili bapa vikikanda na kukwangua. Ukijitia haraka ukaibwaga vaselini yote kwa mpigo, unga unajikusanya madonge madonge, na mgonjwa mmoja anaondoka na dawa ya watu kumi, wa pili anaondoka na vaselini tupu. Mashine ya kuchanganyia iliahidiwa na mganga mkuu wa zamani. Aliyempokea akaahidi, na wa sasa naye akaahidi. Wote walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mashine ilikuwa mkono wake wa kulia, na kifundo cha mkono huo kilishavimba hadi saa haiwezi kufungwa.

Jioni mumewe, dereva mstaafu, alimkanda kifundo kwa maji ya moto. "Unawatengenezea watu wote dawa, yako iko wapi?" alimwuliza. Alichoka mwili, akachoka na maneno. Alikuwa amebakiza mwaka na nusu astaafu, na unga ukimponyoka ukatapakaa mezani wenzake walicheka: "Marhamu, umemwaga unga, kazi ndiyo basi." Hakuona cha kuchekesha hapo.

Lakini msimdhanie mkorofi wa bure. Neno lile alilishikilia kwa sababu. Mgonjwa akisoma "mafuta" anajua la kufanya, hata haulizi: anaoga, anajipaka kuanzia usoni hadi miguuni, basi. Akisoma "marhamu" anasimama pale dirishani na kukunja uso. Marhamu ndiyo nini? Hapo ndipo anapoelezwa kwamba hii ni dawa, inapakwa penye ugonjwa tu, kidogo tu, usije ukaigeuza ya kuogea. Hilo swali la mgonjwa ndilo alilokuwa akilitaka. Alipigana hadi zikachapishwa lebo: MARHAMU. PAKA SEHEMU INAYOUGUA TU.

Alhamisi moja lebo zikaisha. Mtunza stoo akasema Jumamosi. Foleni ilikuwa imefika getini, na mezani kulikuwa na vikopo kumi na viwili vya marhamu ya magamba, vyote vimetoka mkononi mwake tangu asubuhi. Rafiki yake wa siku nyingi, mgawa dawa wa dirishani, akagonga ukuta. "Mwenzangu, watu wananila nyama huku." Marhamu akachukua kalamu na karatasi za gundi. Kifundo kilikuwa kinawaka moto. Aliandika maneno machache kadiri alivyoweza, akabandika, akavisukuma vikopo upande wa pili, akakaa chini na kufumba macho.

Jumamosi kabla ya adhuhuri lebo zililetwa. Alipokuwa anazipanga, akauliza tu, bila wasiwasi wowote, "Vile vikopo vya juzi, watu uliwaeleza vizuri?"

"Niwaeleze nini?" rafiki yake alisema. "Juzi hakuna aliyeuliza kitu. Foleni ilikwenda vizuri ajabu."

Mkono wa Marhamu ukasimama juu ya lebo. "Niliandika nini?"

"Mafuta ya kupaka. Kutwa mara mbili. Na nilitaka nikutanie, nikasema leo nimwache, amechoka."

Alilifungua daftari la wagonjwa akapitisha kidole. Nyayo zilizokakamaa, mzee. Kiwiko, mwanamke. Nyayo tena. Hao ngozi zao ngumu, alijisemea, hao tutawapata polepole. Jina la kumi na moja lilikuwa la kichanga wa miezi mitatu, magamba ya kichwani. Unga ule kwenye ngozi ya mtoto mdogo unapenya, na ukipakwa mwili mzima unaingia hadi kwenye damu. Alikuwa anajua hivyo kabla ya watu wengi hospitalini pale kuajiriwa. Akapiga namba iliyoandikwa. Haipatikani. Akapiga tena. Kwenye daftari kulikuwa na maelezo ya mahali: nyuma ya karakana ya seremala, mlango wa bluu. Akatoka na aproni yake vilevile, akamwomba rafiki yake awatafute wale wengine kumi na moja.

Hakuwahi kukimbia miaka mingi, na siku hiyo pia hakukimbia, magoti hayakumruhusu. Alitembea harakaharaka huku akijitukana kimoyomoyo. Alijiambia kwamba mama wa watu huenda amekisahau kikopo kwenye mkoba. Wangapi wanapewa dawa wasitumie? Kila siku alikuwa akiwalaumu wagonjwa wavivu, na leo aliomba huyu awe mmoja wao.

Alimkuta mama wa mtoto anaanika nepi. Alikuwa msichana tu, mtoto wake wa kwanza. "Karibu, daktari," alisema kwa furaha. "Kumbe siku hizi mnafuatilia wagonjwa hadi majumbani."

"Mtoto yuko wapi?"

"Ndani, amelala. Yale mafuta yenu ni mazuri jamani. Magamba yametoka yote. Namwogesha, nampaka mwili mzima, kutwa mara mbili kama mlivyoandika, sijaruka hata mara moja." Alikuwa akieleza huku anamfungulia mlango, kama mwanafunzi anayeonyesha daftari lililojaa vema. "Na amekuwa mtulivu. Mwanzoni alikuwa ananisumbua usiku kucha. Leo tangu asubuhi hajalia, hata kunyonya hataki, analala tu."

Mtoto alikuwa kitandani, anang'aa kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka mbiombio. Marhamu alimwita, akamfinya kisigino. Mtoto akafungua macho nusu, akayafumba.

"Nipe maji ya uvuguvugu na sabuni. Upesi, mwanangu."

Alimwogesha mwenyewe kwenye beseni, kwapani, shingoni, kwenye mikunjo ya mapaja, mara tatu, na kila mara vidole vyake vilihisi utelezi wa vaselini aliyoikanda kwa mkono wake. Mama mtu alisimama pembeni, ameshika taulo. Waliposimamisha teksi alimnyooshea Marhamu mtoto. "Mpakate wewe, daktari," alisema. "Mimi nitamwangusha." Akakitia kikopo kwenye mkoba, maana hospitalini huwa wanataka kuona dawa.

Daktari wa zamu alimtundikia mtoto dripu, akamsikiliza kifua, akachukua damu. Ilipita saa nzima na ushei. Pumzi zikaanza kutulia. Mtoto akafungua mdomo akalia, sauti nyembamba ya kukwaruza, na mama yake akaegemea ukuta.

"Atapona," daktari alisema. "Mngengoja hadi kesho, ningekuwa nawaambia mengine." Alikuwa kijana, na yeye pia alionekana hajalala siku mbili. Akamgeukia mama mtu. "Sasa wewe mama, dawa ya kichwani unampaka mtoto hadi unyayoni? Mnapewa dawa mnajifanyia mnavyotaka. Kuuliza kunakugharimu nini?"

"Nisamehe, daktari," yule msichana alisema, ameinamisha kichwa. "Ni ujinga wangu mwenyewe. Kidogo nimuue mwanangu."

Daktari akaanza kuandika kwenye faili. Marhamu alikuwa amekaa kwenye benchi, mtoto amelala mapajani mwake, mrija wa dripu umepita juu ya mkono wake. Ukimya ungemtosha. Kikopo kilikuwa ndani ya mkoba, mkoba umefungwa, na hakuna aliyekuwa akikiulizia tena. Mwaka mmoja na nusu. Alichoka kiasi kwamba hata woga wenyewe ulimjia kwa uvivu.

"Usiandike hivyo," alisema. "Alifuata lebo. Lebo niliiandika mimi, na niliikosea. Kitoe kikopo usome."

Yule msichana ndiye aliyefungua mkoba. Alikitoa kikopo, akakisoma kana kwamba ni mara ya kwanza, halafu akamtazama Marhamu, aproni yake iliyolowa, mikono yake iliyomwogesha mtoto.

"Ulijua?" aliuliza. "Pale nyumbani, nilipokuwa nakushukuru, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na kwenye teksi?"

"Nilikuwa nimechoka siku ile," Marhamu alisema, na neno likamtoka kabla hajaona kwamba silo aliloulizwa.

Msichana aliweka kikopo mezani mbele ya daktari, akainama, akamtoa mtoto wake mapajani mwa Marhamu, akiangalia mrija usivutike. Akaenda kukaa naye kwenye kitanda cha mwisho, akamgeuzia mgongo. Marhamu alibaki kwenye benchi, mikono imekunjwa vilevile alivyokuwa amempakata, mpaka daktari alipomwomba aje kutoa maelezo yake.