Dada Yangu na Dume Mwekundu wa Sakina

Dada yangu mkubwa hasalimii. Kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto akipita mbele ya mzee bila kusema shikamoo, mzee haulizi ana shida gani, anauliza kalelewa na nani. Kwa hiyo yeyo, ndivyo tunavyomwita mama, amelaumiwa miaka mingi kwa kosa ambalo si lake. Daktari alimweleza kwamba dada ana usonji, kwamba ndivyo alivyozaliwa, na hauondoki kwa maombi wala kwa fimbo. Yeyo akaja nalo neno hilo nyumbani, sisi tukalielewa. Mtaani halikueleweka. Mtaani walisema dada ana dharau.

Hamtazami mtu usoni. Ukitaka kumpa kitu, unakiweka karibu naye unaondoka. Hapendi kuguswa hata kidogo, na kelele za ghafla humuumiza kama moto. Alikulia kwa bibi, magharibi ya Mlima Meru, akichunga ng'ombe, na huko hakuna aliyemwona wa ajabu. Bibi alipofariki ng'ombe waligawanywa, dada akaletwa kwetu mjini, mtaa wa Sakina, kwenye chumba kilicho hatua chache tu kutoka barabara ya Nairobi. Malori yanapita, mabasi yanapiga honi, mafundi wa gereji wanagonga mabati kutwa. Sidhani kama pangepatikana mahali pabaya zaidi kwake.

Na mimi si msemaji. Shuleni mwalimu akinitaja tu, jasho lilikuwa linanitoka. Ninalisema hili ili ijulikane kwamba siku ile, kama mtaa ungetafuta watu wa kuuokoa, usingeanzia nyumbani kwetu.

Ilikuwa mchana, jua kali. Fuso lililobeba ng'ombe wa mnadani lilipasuka tairi karibu na gereji. Ng'ombe mmoja alikuwa ameanguka ndani, anakanyagwa na wenzake, kwa hiyo wenye mali wakafungua mlango wa nyuma wamwinue. Hapo ndipo dume mmoja mwekundu, mwenye pembe ndefu, alipopanda migongo ya wengine akaruka mpaka chini kwenye lami.

Kila mtu akataka kusaidia, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Vijana wa bodaboda wakaja na pikipiki zao wakimfukuza kwa honi ili arudi kwenye gari. Wengine wakaokota mawe. Dume akageuka, akaingia uchochoro wa kwetu, ambao mwisho wake ni ukuta wa tofali. Mbele ya ukuta ule kuna meza ya muuza mboga, jirani yetu. Yeye alikuwa amevuka barabara kutafuta chenji. Mwanawe, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa amelala chini ya meza.

Dume akaigonga meza, nyanya zikamwagika, mtoto akaamka akalia. Sasa mnyama alikuwa amesimama juu yake kabisa, matako ukutani, kichwa kikitutazama sisi. Kila tulipopiga kelele aliinamisha pembe na kupiga kwato, na kila alipopiga kwato vumbi lilimrukia mtoto usoni.

"Mpigeni mawe!"

"Wewe una akili? Utampiga mtoto!"

"Piga honi basi, atatoka."

"Atokee wapi, na nyie ndio mmeziba njia?"

Mama wa mtoto alikuwa ameshikwa na wanawake watatu, anapiga mayowe anataka kujitupa. Ndipo dada akatoka mlangoni kwetu. Alikuwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili, uso umekunjamana kwa maumivu, na anatembea kuelekea kwa dume.

"Oya, huyu kichaa anaenda wapi?" kijana mmoja wa bodaboda akasema, akamdaka mkono. Dada akapiga yowe. Dume akarusha kichwa.

Nikamshika yule kijana jaketi. "Mwachie."

"Dogo, dada yako anaenda kufa pale."

"Mwachie! Zimeni pikipiki! Zimeni zote!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Mmoja akacheka, "Eti na huyu naye ana amri." Lakini mama wa mtoto alinisikia. "Zimeni jamani! Amesema mzime!" Pikipiki zikazimwa, moja, nyingine, mpaka ya mwisho. Yule kijana akaufungua mkono wake.

Kukawa kimya. Dada akashusha mikono kutoka masikioni.

Nimetazama sinema nyingi za mapigano kwenye banda la video. Shujaa wa kule huvunja mlango, huruka kutoka paa hadi paa. Dada hakwenda hata moja kwa moja. Alipita pembeni, bega likigusagusa ukuta, macho chini, vilevile anavyowapita watu mtaani wakamwita mwenye dharau. Sikio la dume likigeuka, anasimama. Likitulia, anaongeza hatua. Alikuwa anavuma kwa pua, sauti moja nzito, isiyopanda wala kushuka. Nilikuwa sijawahi kuisikia. Nadhani ni ya kule kwa bibi.

Pumzi za dume zikaanza kupungua nguvu. Dada akafika begani mwake, akaweka kiganja chini ya shingo, akaanza kumkuna. Kisha yule dada yangu, ambaye hata yeyo hajawahi kumkumbatia bila yeye kuponyoka, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa mnyama yule. Akajivuta pembeni, na dume akasogea kumfuata, hatua moja, halafu nyingine, na mtoto akabaki wazi.

"Mtoto," dada akasema, hakumtazama mtu.

Wale wanawake wakamwachia mama. Alijisokomezea khanga mdomoni asije akalia, akaenda kwa tumbo kati ya nyanya zilizopondeka, akamvuta mwanawe kifuani, akarudi hivyohivyo kwa kutambaa. Mtoto hakuwa na jeraha, ila vumbi tu na nyanya.

Kigelegele kilitaka kupasuka. Nikainua mikono, na watu wakaziba midomo. Yule kijana aliyemdaka dada alikuwa amemziba mwenzake mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka mwenyewe, hafuti.

Tulidhani dada sasa ataondoka. Hakuondoka. Alimpapasa dume puani, akavitazama vidole vyake, vilikuwa vikavu.

"Ana kiu," akasema. "Tangu jana."

Mwenye fuso, mzee mnene, akatazama chini. Mama lishe wa pale gereji akaleta ndoo yake ya maji, akaiweka mbali kidogo na dada, akarudi kinyumenyume, kana kwamba na yeye alijua siku zote kwamba dada hupewa vitu kwa namna hiyo. Wengine wakaleta zao, wakaziweka hapohapo, wakarudi nyuma.

Dume akainamisha kichwa, safari hii kunywa. Nyuma yetu mabasi ya Nairobi yalikuwa yamesimama na abiria wametoa vichwa madirishani. Kilichosikika ni koo la ng'ombe likimeza maji, na dada yangu akivuma kando yake.