Hapi Niu Yia ya Kaka

"Mwaka mzima, fundi! Mwezi wa tano mvua zilinyesha, kioo changu kinawaambia watu Hapi Niu Yia; sasa Desemba nyingine hii, bado kinawaambia. Wapita njia wanadhani kalenda yangu imekufa!"

Mwenye saluni alishika kiuno kwa mkono mmoja, mwingine una kitana. Brashi, fundi wa maandishi ya madukani, alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha anakoroga rangi iliyokwisha korogeka zamani.

"Kila nikikuita, kesho, kesho. Leo futa! Niandikie ile mpya, niu yia niu mi. Au ile ya Wazungu, wakianza upya wanasema wanageuza jani jipya."

"Jani gani, dada? Hii saluni au bustani?"

Mama aliyekaa kwenye draya akacheka mpaka akajigonga kichwa.

Brashi hakucheka. Maneno yale aliyaandika kaka yake mkubwa, Desemba iliyopita. Kazi yao ilikuwa ya wawili: kaka anaandika kutoka ndani, herufi kinyumenyume, mvua isizilambe, Brashi anasimama nje, anamwonyesha kwa mkono, panda, shuka. Mwezi wa nne kaka akaanguka bafuni, asiamke tena. Maduka mengine yote yalishafuta maandishi yake. Kilibaki kioo hiki tu, na ile Y ya kaka, mkia mrefu kama wa panya.

"Nilikiacha kwa sababu ya msiba wenu," mwenye saluni akasema, sauti imeshuka. "Nikasema kikae mpaka utulie. Lakini mwaka unaisha, mdogo wangu. Kioo si kaburi."

"Kweli," Brashi akajibu, kama mtu aliyeulizwa kama ameshakula.

"Basi kipige picha kwanza."

"Simu imejaa."

Akalowesha kioo kwa maji ya sabuni, akachukua wembe. Alidhani mkono utagoma. Haukugoma. Rangi ikabanduka vipande vipande, ikadondokea nywele zilizokatwa sakafuni. Alipofika kwenye ule mkia akasimama, akangoja uchungu uje. Haukuja. Akaukwangua kama alivyokwangua mengine.

Kioo kikabaki kitupu, barabara yote ikaonekana.

Akaanza kuandika mapya kutoka ndani. Mwenye saluni akatoka mwenyewe, akasimama nje juani, anapunga kitana.

"Panda! Panda kidogo! Ee, hapo hapo, usiguse!"

Brashi akafuata kitana. Niu yia, niu mi. Mstari ukanyooka.

"Weee! Kumbe na wewe una mkono!" mwenye saluni akasema akiingia. "Kaa basi, nikuwekee chai."

"Asante, dada. Yule wa duka la dawa ananingoja nimwandikie 'Sukuma' mlangoni. Watu wanavuta mlango wake badala ya kusukuma, kitasa kimeng'oka."

Akafagia rangi na nywele pamoja, akazimwaga kwenye pipa. Akabeba ndoo yake, akaenda.